Barua ni ile ile, miaka 200 sasa

Kuna barua moja imekuwa ikizunguka duniani kwa zaidi ya miaka 200. Ilianza kwa wino na karatasi, ikapigwa taipu, ikapita kwenye faksi, ikahamia kwenye barua pepe, na siku hizi inakufikia kwenye simu ikiwa na maneno kumi na tano tu. Nina hakika umeshaipata. Labda uliifuta huku unacheka. Labda kuna mtu nyumbani kwenu hakuifuta, na hajakuambia.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya barua hii kwa muda sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunafundishana vibaya namna ya kujikinga. Tunaambiana tuangalie makosa ya kuandika, tuweke programu za kuzuia virusi, tuogope barua za kutoka nchi fulani. Hayo yote yana faida yake, lakini ni mambo ya pembeni. Ukiisoma barua hii tangu mwanzo utaona kwamba aliyeiandika hakuwahi kushindana na mashine. Alikuwa anashindana na wewe.

Tuanzie Ufaransa, ndugu msomaji.

Mwaka 1828 mtu mmoja aitwaye Eugène-François Vidocq alianza kuchapisha kumbukumbu za maisha yake. Huyu bwana alikuwa mhalifu aliyefungwa na kutoroka mara nyingi, kisha akageuka na kuwa mkuu wa kikosi cha upelelezi cha polisi wa Paris. Kwa hiyo alikuwa anaijua kazi kutoka pande zote mbili. Katika kitabu hicho anaeleza mambo aliyoyaona gerezani Bicêtre, jirani na Paris, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Wafungwa walikuwa wanatafuta anwani za matajiri wa mikoani na kuwaandikia barua.

Hadithi ilikuwa hivi. Mwandishi anajitambulisha kama mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi. Njiani walifukuzwa, wakalazimika kuficha sanduku lenye dhahabu na almasi. Sasa bwana yuko ughaibuni, mtumishi amerudi kulichukua sanduku, amekamatwa, yuko gerezani. Anachohitaji ni fedha kidogo tu za kumtoa kwenye matatizo, na mpokeaji barua atapata fungu lake. Vidocq anasema kati ya kila barua 100, 20 zilijibiwa. Fikiria! Anasimulia hata habari za mfanyabiashara wa vitambaa pale Paris aliyekutwa akichimba chini ya tao la daraja la Pont Neuf akitafuta almasi.

Miaka 100 baadaye hadithi ilikuwa imehamia Hispania. Sasa ni mfungwa wa kisiasa, ana mali aliyoificha, mara nyingi ana na binti mdogo anayehitaji mlezi mwema. Barua zilikuwa zinavuka bahari kwenda Marekani. Machi 1898 gazeti la New York Times liliandika kuhusu barua hizo, na kichwa cha habari chenyewe kilisema kwamba ni utapeli wa zamani uliofufuka. Yaani mwaka 1898 tayari ulikuwa wa zamani.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili huwa linanikera. Mtu akisikia habari za barua za namna hii leo, cha kwanza kutaja ni Nigeria. Hata jina lake tumelichukua huko, 419, ambayo ni namba ya kifungu katika sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Lakini barua ilikuwa imezaliwa Ulaya, ikakua, ikazeeka, kabla haijafika Afrika Magharibi. Mwanahistoria Stephen Ellis, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2016, anamtaja mtu aliyejiita Profesa Crentsil, ambaye mwaka 1920 alikuwa anaandika barua kutoka Nigeria akijigamba kuwa na nguvu za kimiujiza ambazo angeweza kuzitumia kwa faida ya mwandikiwa, kwa malipo. Alishtakiwa Desemba 1921, na kifungu cha 419 kilikuwamo kwenye mashitaka. Huyo alikuwa anauza uganga kwa posta. Barua ya "nina mamilioni, nisaidie kuyatoa nchini" ilikuja kushamiri huko miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipoporomoka na vijana wengi wenye elimu wakakosa kazi. Walikuwa na Kiingereza kizuri, walikuwa na faksi, na dunia ilikuwa imeshazoea kusikia kwamba viongozi wa Afrika wanaficha mabilioni. Hadithi ilikuwa imejitengeneza yenyewe.

Na usidhani walionaswa walikuwa wajinga. Kati ya 1995 na 1998, mkurugenzi wa benki ya Banco Noroeste ya Brazil, Nelson Sakaguchi, alituma jumla ya dola milioni 242 kwa watu aliodhani wanajenga uwanja wa ndege Abuja. Abuja ilikuwa tayari na uwanja wa ndege. Aliyekuwa akizungumza naye, Emmanuel Nwude, alijifanya kuwa gavana wa Benki Kuu ya Nigeria. Mwaka 2005 mahakama ya Lagos ilimhukumu Nwude kifungo cha miaka 25. Mkurugenzi wa benki ana wanasheria, ana washauri, ana simu mezani. Angeweza kupiga simu Benki Kuu ya Nigeria kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Badala yake alikuwa anazungumza na gavana kwa njia ambazo "gavana" mwenyewe alimletea.

Shika hilo jambo, tutalirudia.

Sasa twende kwenye kompyuta. Katikati ya miaka ya 1990, mamilioni ya Wamarekani walikuwa wanaingia kwenye intaneti kupitia kampuni ya AOL, na walilipia huduma hiyo. Vijana waliotaka kuingia bure walianza kwa kutengeneza namba za kadi za benki za uongo. Kampuni ilipoziba mwanya huo, wakabadilisha mbinu. Walimwandikia mteja ujumbe wakijifanya wafanyakazi wa AOL, wakamwambia kuna tatizo kwenye akaunti yake, tafadhali athibitishe neno lake la siri. Watu walithibitisha. Hapo ndipo lilipozaliwa neno phishing, ambalo linapatikana katika maandishi ya intaneti tangu Januari 1996. Ni neno la kuvua samaki lililobadilishwa herufi za mwanzo kwa kuiga jina la wahuni wa zamani waliokuwa wakichezea mitambo ya simu. Unatupa ndoano kwenye bahari yenye samaki wengi, huhitaji wale wote.

Umeona kilichobadilika? Mfungwa alikuwa anaomba fedha. Sasa mvuvi anaomba ufunguo, fedha atajichukulia mwenyewe. Na badala ya kujifanya mtu mwenye shida, anajifanya mtu mwenye mamlaka. AOL ililazimika kuwatangazia wateja wake kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayewauliza neno la siri. Tangazo hilo hilo benki na kampuni zetu za simu zinalitoa mpaka leo.

Tarehe 4 Mei 2000 ikaja barua nyingine, fupi kuliko zote. Kichwa chake kilikuwa tamko la mapenzi, ILOVEYOU, na ndani yake kulikuwa na faili lililoitwa barua ya mapenzi. Ukilifungua, linajituma lenyewe kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Kwa hiyo barua ilikuwa inatoka kwa mtu unayemfahamu kweli: bosi wako, mwanafunzi mwenzako, shangazi yako. Bunge la Uingereza lilifunga mfumo wake wa barua pepe. Aliyeiandika alikuwa kijana wa Manila, Ufilipino, Onel de Guzman, na miaka mingi baadaye alikuja kukiri kwamba lengo lake lilikuwa kuiba maneno ya siri ya watu ili apate intaneti bila kulipa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuilipia. Hakufungwa, maana Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa kama hilo wakati ule. Kwa sisi ambao tumekaa kwenye intaneti kafe tukihesabu dakika, sababu yake tunaielewa, ingawa alichokifanya hakikubaliki.

Tangu hapo wavuvi wakaacha kutupa ndoano ovyo na kuanza kumchagua samaki.

Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani, ambayo biashara yake ni kuwauzia wengine vifaa vya usalama wa kompyuta, iliingiliwa kwa sababu ya barua pepe yenye faili lililohusu mpango wa ajira wa mwaka ule. Kinachochekesha, ingawa si cha kuchekesha, ni kwamba mashine ilifanya kazi yake: iliitupa barua ile kwenye barua taka. Mfanyakazi akaifuata huko huko, akaitoa, akaifungua.

Kati ya 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia Google na Facebook ankara za madai akijifanya ni kampuni ya Taiwan ambayo kweli walikuwa wanafanya nayo biashara. Wakalipa. Zaidi ya dola milioni 100 zilitoka kabla hajakamatwa, na Desemba 2019 alihukumiwa miaka mitano jela. Hizo ndizo kampuni zinazochuja barua taka za dunia nzima.

Februari 2016 wezi walijaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa zimehifadhiwa New York. Dola milioni 81 zilifika Manila na sehemu kubwa ikayeyukia kwenye kasino. Dola milioni 20 nyingine zilikuwa zinakwenda Sri Lanka, zikazuiliwa kwa sababu jina la taasisi iliyopelekewa lilikuwa limekosewa: waliandika "Fandation". Neno moja lililokosewa liliokoa dola milioni 20. Lakini mlango ulifunguliwaje? Kwa mujibu wa hati ya mashitaka ya Marekani ya mwaka 2018, mwaka mmoja nyuma wafanyakazi wa benki ile walitumiwa barua pepe za kistaarabu kutoka kwa mtu aliyekuwa anaomba kazi, akawapa kiungo cha kupakua wasifu wake. Ni heshima tu. Nani asiyemwonea huruma kijana anayetafuta kazi?

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, alipata barua pepe iliyofanana na ya Google. Ilisema kuna mtu amelipata neno lake la siri, abadilishe haraka, abofye hapa. Wasaidizi wake hawakuwa wazembe, waliuliza. Fundi wa kompyuta wa kampeni akajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika si halali, vidole vikamponyoka. Lakini angalia hapa: fundi yule yule, katika jibu lake, aliweka kiungo cha kweli cha Google na kusema kitumike hicho. Kama wangepita njia aliyowapa fundi, neno moja lililokosewa lisingekuwa na madhara. Walipita njia iliyokuja na barua. Barua za Podesta zikaanza kumwagwa hadharani Oktoba mwaka ule, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

Sasa nadhani unaona ninakokwenda. Kutoka gereza la Bicêtre mpaka kwa Podesta, tapeli anafanya mambo yale yale matatu. Anakuharakisha. Anakutenga na watu ambao wangekushauri. Na la tatu, ambalo hatulisemi vya kutosha, anakuletea yeye mwenyewe njia ya kuhakikisha. Kiungo cha kubofya ni chake, namba ya kupiga ni yake, gavana wa Benki Kuu ni wake. Unahakikisha kweli, ila unahakikisha ndani ya nyumba yake.

Mapema mwaka 2024 jambo hili lilionekana waziwazi Hong Kong. Mfanyakazi wa idara ya fedha katika kampuni ya uhandisi ya Arup alipata ujumbe uliodai kutoka kwa mkuu wa fedha, unaozungumzia malipo ya siri. Alitilia shaka, tena vizuri kabisa. Ndipo akaalikwa kwenye mkutano wa video. Akamwona bosi, akawaona wenzake, akasikia sauti zao. Shaka ikamtoka. Alifanya malipo 15 ya jumla ya dola milioni 25 hivi. Watu wote aliowaona walikuwa wametengenezwa na kompyuta. Basi, rafiki yangu, ule ushauri wa "angalia makosa ya kuandika" umezeeka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili bandia zinazoandika ziko mikononi mwa kila mtu, tapeli akiwemo, na anaweza kuandika Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wako wa sekondari.

Hata yale makosa ya zamani hayakuwa yote ya bahati mbaya. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza swali zuri sana: kwa nini tapeli anasema anatoka Nigeria wakati anajua kila mtu ameshasikia? Jibu lake ni kwamba barua ya kijinga ni chujio. Mwenye shaka anaifuta mara moja na hampotezei tapeli muda. Anayejibu ndiye anayetakiwa. Kwa hiyo ukicheka na kuifuta, usijione umemshinda. Hukuwa samaki wake.

Turudi nyumbani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na ghafla kila mwenye simu ya tochi akawa na benki mfukoni. Barua yetu nayo ikajifunza Kiswahili na kujifupisha. Unaijua: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo, jina litakuja fulani." Wengi tunaiona ya kipuuzi. Mimi naiona ni kazi ya fundi.

Kwanza haitaji jina lako wala kiasi, kwa hiyo inaweza kupelekwa kwa maelfu. Kati ya maelfu hayo lazima yuko mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo ana kodi ya kumtumia mwenye nyumba, au ada ya mtoto. Pili, tazama yale maneno ya mwisho. Mfumo wa malipo unakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, na hiyo ndiyo kinga yako. Tapeli anajua, ndiyo maana amekutajia jina mapema. Likitokea, badala ya kushtuka unasema, naam, ndilo lenyewe. Ameigeuza kinga yako kuwa ushahidi wake. Huyo ni yule yule wa Hong Kong, ila hana kompyuta.

Na kama ulidhani mfungwa wa Bicêtre alikufa na karne yake, vyombo vya habari vya Kenya vimeripoti mara nyingi habari za ujumbe na simu za kitapeli zinazotoka ndani ya gereza la Kamiti, Nairobi. Mfungwa bado anaandika barua. Tofauti ni kwamba wa Bicêtre alisema ukweli kuhusu kitu kimoja, kwamba yuko gerezani.

Mwaka jana nilizungumza na dada mmoja anayepika na kuuza chakula cha mchana karibu na ninapofanyia kazi. Ujumbe wa namna hiyo ulimkuta ana kodi ya miezi mitatu mkononi, na mwenye nyumba alikuwa ameshampigia simu mara mbili wiki ile. Akatuma. Alipogundua, hakumwambia mtu. Si mumewe, si polisi, si jirani. Alisema aliogopa kuchekwa kwamba ameingizwa mjini, yeye aliyezaliwa mjini. Siku nne baadaye mpangaji mwenzake wa chumba cha pili alipata ujumbe kutoka namba ile ile, naye akatuma. "Ningesema tu," aliniambia. "Ningesema tu uani wakati wa kufua."

Maneno hayo sikuyapata kwa Vidocq wala kwa mtafiti yeyote. Utapeli huu haujaishi miaka 200 kwa sababu ya ujanja peke yake. Umeishi kwa sababu aliyelizwa ananyamaza. Mchimba almasi wa Pont Neuf angemshtakia nani, na kwamba alikuwa anachimba nini? Aliyeahidiwa fungu la fedha za wizi wa Abuja angeenda polisi kusema nini? Na sisi tuliosoma ndio tunaoufanya ukimya uwe mzito zaidi, kwa kuwaita waliotapeliwa washamba na wenye tamaa. Mama mwenye kodi ya nyumba mkononi hana tamaa. Ana haraka tu, na mwenye nyumba anasubiri.

Kwa hiyo ukiniuliza tujikinge vipi, nitakuambia kwanza jambo moja, mengine yanafuata. Toka nje ya njia aliyokuletea. Umepata ujumbe wa mwenye nyumba? Mpigie kwenye namba unayoijua tangu zamani. Benki imekuandikia? Usibofye, fungua programu ya benki mwenyewe au andika anwani yake kwa mkono wako. Mtu anasema amekutumia pesa kimakosa na anaomba umrudishie? Usisome ujumbe aliokutumia, angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Bosi anataka malipo ya haraka na ya siri? Inuka, nenda mlangoni kwake. Hakuna jambo la kweli linaloharibika kwa kusubiri dakika kumi.

Pili, jifunze kusoma anwani. Jina linaloonekana juu ya barua pepe mtu anaweza kuandika lolote, tazama anwani yenyewe. Na kwenye anwani ya tovuti, mwenye nyumba anatajwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza. Jina la benki yako likiwa mwanzo na jina usilolijua likiwa mwishoni, nyumba ni ya huyo wa mwishoni.

Tatu, usitumie neno moja la siri kila mahali, na washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yako, maana aliyeipata barua pepe yako ameupata ufunguo wa kila kitu kingine. Zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe ni zako peke yako, hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba umsomee. Kwa wenye kazi nyeti, wenzangu wa habari mkiwemo, kuna vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta. Mwaka 2018 Google ilisema kwamba tangu iwape wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 vifunguo hivyo mapema mwaka 2017, hakuna hata mmoja aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa njia hii. Sababu ni rahisi: kifunguo kinaitambua tovuti ya kweli, na kikiwekwa mbele ya tovuti bandia kinakataa. Hakina haraka, hakina huruma, hakioni aibu.

Nne, sema. Sheria zipo, Tanzania tangu mwaka 2015 na Kenya tangu 2018, lakini sheria haiwezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Tanzania unaweza kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333. Kisha waambie wa nyumbani kwako, hata kama ulishtuka mapema na hukupoteza kitu. Na akija mtu kukuambia kwamba amepigwa, usimuulize "ulikuwa unafikiria nini?" Muulize namba ni ipi, na nani mwingine anaweza kuwa amepata ujumbe huo.

Barua itaendelea kuja. Itabadilisha sura tena, na pengine itakuja na sauti ya mama yako kabisa. Ikija, mpigie mama.